Somo: Kuchakaza ovaroli iwe nguo ya fundi gereji jukwaani

Ovaroli mpya inamwangusha mwigizaji kabla hajafungua kinywa. Watazamaji wetu wanapita gereji kila siku. Wakiona bluu inayong'aa yenye mikunjo ya dukani, hawamwamini tena huyo "fundi", hata awe hodari vipi. Somo hili ni la vikundi vya mtaani na vya shule visivyo na stoo ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Tengeni siku mbili, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri rangi ikauke.

Hatua ya 1: Kuchagua. Mitumbani, iwe Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, tafuta pamba. Ukishainunua, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista inayeyuka na kuacha tone gumu. Polista msasa hauifubazi, unaitoa vinyweleo tu, na rangi ya chai ya kufubazia nguo haiingii.

Kabla ya kulipa, mwigizaji aivae, achuchumae, apige magoti, kisha ainue mikono yote miwili. Ovaroli ya kipande kimoja ikibana kiwiliwili, mshono wa msamba ndio unaoachia. Na utaachia siku ya onyesho, kwa sababu mazoezini watu wanavaa bukta na hakuna aliyegundua. Ikiwa imebana kidogo, fundi cherehani afumue msamba aweke kiraka chenye pembe nne, sm 10 kila upande, mshono upigwe mara mbili.

Hatua ya 2: Kuweka alama. Hapa ndipo vikundi vingi vinaharibu. Wanaitandaza ovaroli mezani, wanapaka uchafu kila mahali, mtu anatoka kama kaangukia mtaroni. Kazi haichafui nguo hivyo. Kila kazi ina mahali pake inapogusa mwili: fundi gereji ni magoti, viwiko, tumbo anapoegemea boneti, ncha za mikono, na paja la upande wa mkono anaoutumia, kwa sababu hapo ndipo anapofutia vidole. Mwashi ni magoti na mikono hadi kwenye kiwiko. Mama lishe ni tumbo la aproni na pindo la kitenge.

Basi mwigizaji avae, afanye vitendo vya kazi yake, na mwenzake amchoree kwa chaki mwigizaji akiwa amechuchumaa. Goti la aliyesimama na goti la aliyechuchumaa haviangukii sehemu moja ya kitambaa.

Hatua ya 3: Msasa. Ingiza ubao ndani ya mguu wa suruali ili usile kitambaa cha nyuma. Namba 80 kwa magoti na viwiko, namba 120 kwa kola na midomo ya mifuko. Sugua upande mmoja, acha nyuzi zinapoanza kuwa nyeupe. Ukitoboa, tia kiraka cha rangi tofauti kidogo, kitafaa.

Hatua ya 4: Madoa. Oili halisi hapana. Inanuka, inasambaa, na inahamia kwenye nguo ya kila atakayekumbatiwa. Chukua rangi ya maji ya ukutani, nyeusi na kahawia kidogo, sehemu 1 kwa maji sehemu 3. Gonga kwa sponji iliyokamuliwa. Kwenye paja, chovya vidole vyako na ufute kuelekea chini. Iache ikauke usiku kucha, kisha piga pasi kwa ndani juu ya kitambaa cha zamani.

Sasa itundike, urudi nyuma mita 8. Taa za jukwaani zinakula rangi, kwa hiyo kinachoonekana kimezidi ukiwa karibu mara nyingi ndicho sahihi.

Mfuko wa dharura. Sindano 3 zilizotungwa tayari uzi mweusi, mweupe na bluu, pini 20, mkasi, kipande cha mshumaa cha kupaka zipu inayokwama. Mtu mmoja aushike, na asiwe mwigizaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Mwigizaji wetu anavua ovaroli na kubaki na shati la ofisini ndani ya nusu dakika. Tuweke velkro?
Marahaba. Velkro inachanika kwa sauti, na ukumbi ukiwa kimya wote wataisikia. Wekeni vifungo vya kubana 5, juu yake mshone vifungo vya kawaida vya urembo. Shati alivae ndani tangu mwanzo.

Kwa mwashi tunaweza kutumia saruji yenyewe?
Hapana, ndugu. Saruji ikikutana na jasho inaunguza ngozi. Changanya rangi ya maji nyeupe na nyeusi kidogo, uirushe kwa mswaki wa zamani.

Damu ya bandia haitoki kwenye koti la daktari.
Ongezeni tone la sabuni ya vyombo kwenye damu hiyo ya sharubati na rangi ya chakula kabla ya kutumia, koti liloweke kwenye maji baridi mara tu onyesho likiisha. Ikishakaukia, pamba nyeupe haitarudi kama zamani. Damu hiyo isiingie mdomoni.

Igizo letu lina askari. Tununue kombati mitumbani?
Msiguse. Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitoa siku 7 kwa raia wasalimishe nguo zinazofanana na zake. Shoneni kaki isiyo na mabaka, na beji mzibuni wenyewe.

Dada yangu, chai ya kufubaza shati jeupe ni kiasi gani?
Maji lita 4, majani gramu 50, chumvi vijiko 2. Chemsha dakika 10 na uchuje vizuri, maana jani likibaki linaacha doa. Shati lilowe maji safi kwanza, ndipo uliloweke dakika 30 ukiligeuza. Likiingia kavu, linatoka na mabaka.