Konsentreta ya oksijeni kituoni: kuanzia kuagiza hadi zamu ya usiku

Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuongeza upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Lakini kadi ya bima haimpi pumzi mtoto mwenye nimonia aliyeletwa saa nane usiku. Anahitaji konsentreta, yaani mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya kawaida, iliyopo wodini, inayowaka, na inayotoa oksijeni kweli badala ya upepo mtupu. Hilo la tatu ndilo wengi hawalipimi, na ndilo tutakalokaa nalo sana hapa. Maelekezo haya ni ya waganga wafawidhi, wauguzi, mafundi wa vifaa tiba na wajumbe wa kamati za vituo vya afya.

Mashine inavyofanya kazi

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 na naitrojeni asilimia 78 hivi. Kompresa huvuta hewa kupitia filta na kuisukuma ndani ya makopo mawili yaliyojaa punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno. Naitrojeni hunaswa na punje hizo, oksijeni hupita. Kopo moja likishiba, mashine hugeuza njia na kutumia la pili huku la kwanza likitema naitrojeni nje. Ile sauti ya "pshh" inayorudi kila baada ya sekunde chache ndiyo mabadilishano hayo. Ikikosa mpangilio, mwite fundi hata kama mgonjwa haonekani kuwa na shida.

Mashine nzima hutoa oksijeni ya asilimia 93, ikipanda au kushuka kwa 3. Ikifika chini ya asilimia 82, Shirika la Afya Duniani linataka iondolewe kwa mgonjwa na kutengenezwa. Adui mkubwa wa zeolaiti ni unyevu. Kwa hiyo mashine iliyofungiwa stoo miezi minane "isije ikaharibika" huharibika humohumo stoo, hasa mikoa ya pwani. Isiyotumika iwashwe angalau nusu saa kila wiki.

Kabla ya kuagiza

Amua ukubwa kwa kuangalia wagonjwa wako. Ya lita 5 kwa dakika inatosha wodi ya watoto na wachanga. Mtu mzima mwenye nimonia kali anaweza kuzimaliza lita zote hizo na bado akahitaji zaidi, kwa hiyo wodi ya wakubwa iagizie ya lita 10. Ukitaka kuhudumia watoto kadhaa kwa mashine moja, omba na kigawanya oksijeni chenye matundu matano, kila tundu likiwa na kipima mtiririko chake cha lita 0 hadi 2. Hapo mashine iwe na msukumo usiopungua kilopaskali 55, la sivyo mtoto wa tundu la mwisho atabaki na mrija mkavu.

Kwenye maombi usiandike "konsentreta 1" ukaishia hapo. Ukiandika hivyo utaletewa mashine na waya wake tu. Andika: volti 230, hezi 50 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), plagi ya miguu mitatu bapa, iweze kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu mkubwa, iwe na king'ora cha umeme kukatika, cha msukumo kushuka na cha kiwango cha oksijeni kushuka, iwe na mita ya saa za kazi. Kisha orodhesha vinavyoambatana nayo: filta za miaka miwili, fyuzi, mirija ya puani ya wachanga, watoto na wakubwa, stebilaiza ya kutuliza umeme, oksimita ya kidoleni yenye kishikio cha watoto, kitabu cha mtumiaji na kile cha fundi, pamoja na mafunzo kwa wauguzi na kwa fundi kila kundi peke yake. Kituo kilicho juu milimani, kama vile Makete, kitaje mwinuko wake kutoka usawa wa bahari, maana hewa ikiwa nyepesi mashine hushindwa kufikia kiwango ilichoahidi.

Kimoja ambacho hakikosekani bila kujuta ni kifaa cha kupimia kiwango cha oksijeni inayotoka kwenye mashine. Usikichanganye na oksimita. Ile hupima oksijeni iliyo kwenye damu ya mgonjwa. Chagua kinachotumia mawimbi ya sauti. Vile vya sensa ya kemikali huhitaji sensa mpya baada ya mwaka mmoja au miwili, na sensa hiyo haitapatikana wilayani.

Ukinunua, thibitisha kwanza kwamba kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iwe unapitia Bohari ya Dawa au muuzaji binafsi. Kwenye bajeti ya mwaka tenga angalau asilimia 10 ya bei ya mashine kwa filta na matengenezo. Ongeza na umeme: mashine ya lita 5 inayokula wati 350, ikiwashwa saa 24, hutumia uniti 8.4 kwa siku, yaani kama 252 kwa mwezi. Kituo chenye luku kisichoweka hesabu hii kitajikuta kinazima oksijeni ili friji ya chanjo iwake.

Ukipewa msaada

Kupokea si lazima. Uliza mambo mawili kabla sanduku halijapakiwa melini: volti na hezi ngapi, na imeshafanya kazi saa ngapi? Mashine za Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Watu hudhani transfoma ya kushusha volti inamaliza tatizo. Inashusha volti, lakini hezi zinabaki 50 vilevile. Mota ya kompresa iliyotengenezewa hezi 60 itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita, itapata moto, na oksijeni itashuka. Itawaka, taa itakuwa ya kijani, kila mtu atapiga picha, na ndani ya miezi michache itakufa. Mwambie mfadhili kwa heshima kwamba hela ya mizigo ingenunua filta.

Saa za kazi nazo zinasema mengi. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760. Mashine ikija na saa nyingi na hakuna kumbukumbu ya kubadilishwa zeolaiti, unaletewa mgonjwa mwingine.

Siku ya kupokea

Usisaini mpaka umeiwasha. Ikague kwa macho: imegonga wapi, mlango wa filta unafunga? Washa, ving'ora lazima vilie kidogo kisha vinyamaze. Fungua mtiririko hadi mwisho, iache dakika 15 ipate joto, halafu unganisha kipimo chako na usome. Soma ikiwa kwenye lita 5 kamili. Hapa ndipo watu hudanganyika: mashine yenye zeolaiti iliyochoka hutoa oksijeni nzuri kabisa kwenye lita 1 na kuporomoka kwenye lita 5. Ukiipima kwenye lita 1 tu, utaipa cheti mashine mbovu.

Iache iendelee saa mbili, pima tena. Chomoa waya ukutani ikiwa inawaka. King'ora cha umeme kisipolia, irudishe. Andika namba ya mashine, saa za kazi na vipimo vyote viwili kwenye daftari lake. Vipimo hivyo vya siku ya kwanza ndivyo utakavyolinganisha navyo miaka yote.

Pa kuiweka

Sentimita 30 kutoka ukutani pande zote, mbali na pazia na shuka. Iwe na soketi yake yenye waya wa ethi. Usiitundike kwenye ekstensheni moja na hita na birika. Stebilaiza ya VA 1,000 inatosha ya lita 5. Ya lita 10 ipe 2,000. Jiko la mkaa, sigara, mshumaa na kibatari visikaribie. Na mwambie mama asimpake mtoto mafuta ya mgando puani wala usoni wakati yuko kwenye oksijeni, kwa sababu mafuta na oksijeni ni chakula cha moto. Pua ikikauka, tumia maji safi kwenye pamba.

Kumpa mgonjwa

Pima kwanza kwa oksimita. Chini ya asilimia 90, anza. Mtoto mwenye dalili za hatari, kama kushindwa kunyonya, degedege au kupoteza fahamu, anza chini ya 94. Mchanga mpe lita 0.5 hadi 1, mtoto wa miezi michache lita 1 hadi 2, kisha pima tena baada ya dakika chache na upandishe ikihitajika. Njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 asizidi asilimia 95 akiwa kwenye oksijeni. Ikizidi huharibu macho yake, na upofu huo hautajulikana mpaka ameshatoka wodini kwenu.

Kigololi cha kipima mtiririko husomwa katikati yake, jicho likiwa usawa mmoja nacho. Ukisoma ukiwa umesimama wima na mashine iko sakafuni, unakosea.

Kwa mirija ya puani na mtiririko mdogo, chupa ya maji ya kulainisha hewa haihitajiki. Ikitumika, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotoneshwa, yabadilishwe kila siku na chupa ioshwe. Chupa yenye ute wa kijani inampelekea mtoto vijidudu moja kwa moja mapafuni.

Ikigoma

Tazama kigololi, kitakuambia nusu ya hadithi. Kikiwa kimeshuka na huwezi kukipandisha, njia imeziba: mrija umekunjwa, umekaliwa na kitanda, au una maji. Kikiwa juu lakini mgonjwa hapati kitu, kuna panapovuja baada yake, na mara tisa kwa kumi ni kifuniko cha chupa ya maji kilichofungwa kwa kupinda. Tumbukiza ncha za mirija kwenye glasi ya maji safi: mapovu yakitoka, oksijeni inafika. Zifute kabla ya kuzirudisha puani.

Mtiririko mzuri lakini kipimo kinaonyesha chini ya 82? Anza na filta ya nje. Ndiyo chanzo cha kwanza na ni bure kukitatua. Ikiwa safi, mwachie fundi aangalie filta ya ndani, uvujaji kwenye mipira, kompresa, na mwisho kabisa zeolaiti. Mafundi wengine hukimbilia kubadilisha zeolaiti kwanza. Huo ni ubadhirifu, na kama hewa inaingia na unyevu, hata mpya itakufa.

Mashine inayojizima yenyewe ikiwa ya moto imekosa hewa: ukuta, pazia au vumbi. Mashine ikiangusha swichi ya usalama, rudisha swichi mara moja tu. Ikianguka tena, iache.

Kazi ya kila wiki

Filta ya nje ni kipande cha sponji. Itoe, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isuuze mpaka maji yatoke meupe, ikamue kwa taulo bila kuisokota, ianike kivulini. Usiirudishe ikiwa na unyevu, kwa sababu tumeshaona unyevu unakokwenda. Ndiyo maana kila mashine iwe na mbili: moja kazini, moja kwenye kamba. Kiangazi cha Dodoma au Shinyanga, kwa vumbi lile, osha mara mbili kwa wiki. Sanduku la nje lifute kwa kitambaa chenye unyevu, plagi ikiwa imechomolewa. Mara moja kwa mwezi pima kiwango cha oksijeni kwenye mtiririko wa mwisho, uandike.

Umeme ukikatika, zima swichi ya mashine kwanza. Ukirudi, subiri dakika tatu hadi tano ndipo uwashe, ili umeme wa mwanzo usiotulia upite na msukumo uliobaki kwenye kompresa utoke. Wakati huo mgonjwa awe kwenye mtungi wa oksijeni wa akiba. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unamchukua mchanga wa lita 1 kwa saa 113. Mtu mzima wa lita 5 anaumaliza kwa kama saa 22 na dakika 40. Konsentreta ya lita 5 hutoa lita 7,200 kwa siku, yaani zaidi ya mtungi mzima, na hapo unaona kwa nini mitungi peke yake hufilisi kituo. Spana ya mtungi ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe. Ikikaa kwenye droo ya ofisi iliyofungwa, usiku huna mtungi.

Mashine iliyokufa kabisa usiiache pembeni mwa wodi imefunikwa shuka. Fundi atoe vipuri vinavyofaa, kisha iandikiwe ombi la kufutwa kwenye rejista ya mali. Isipofutwa, halmashauri itaendelea kusoma kwamba kituo chenu kina konsentreta tatu, na maombi yenu ya mpya yatakaa chini ya yale ya kituo kilichoandika ukweli kwamba hakina hata moja.