Kabla hujalipa ada shule binafsi, omba kuona cheti cha usajili

Fomu ya kujiunga isikuharakishe. Kabla hujatoa hela yoyote, omba uonyeshwe cheti cha usajili wa shule. Wakikwambia "tupo kwenye mchakato", aga vizuri uondoke. Hapa Tanzania shule hairuhusiwi kupokea wanafunzi kabla ya kusajiliwa na Kamishna wa Elimu. Kibali cha kujenga ni hatua ya mwanzo tu. Bado mwenye shule na meneja wathibitishwe, majengo yakaguliwe, ndipo namba ya usajili itoke.

Cheti ukikipata, kisome. Jina lilingane na la kwenye bango, na mahali pawe hapohapo uliposimama, maana wapo wanaofungua "tawi" mtaa wa pili na kulitembeza kwa namba ya shule mama. Namba ya shule ya msingi huanza na EM, ya sekondari na S. Halafu angalia kimetolewa na nani, na kwa ajili ya nini.

Hapo ndipo dada yangu alipoumizwa. Ofisini kwa mwalimu mkuu kulikuwa na cheti kimetiwa fremu, chenye nembo ya taifa, na mzazi gani angeinuka kwenda kukisoma kwa karibu? Kilikuwa cha Ustawi wa Jamii, cha kituo cha kulelea watoto mchana. Kituo halali kabisa, kwa watoto wadogo. Ila mwenyewe alikuwa ameongeza vyumba nyuma, akaweka darasa la kwanza, la pili, la tatu, na ada inapanda kila mwaka. Upimaji wa darasa la nne ulipofika, wazazi wakaambiwa watoto watafanyia "shule rafiki". Asubuhi ile walipakiwa kwenye Coaster wakiwa wamevalishwa sweta za kuazima zenye nembo ya shule nyingine. Mpwa wangu aliiona kama safari ya kutembea, akarudi anasimulia jinsi mikono ya sweta ilivyomfika vidoleni.

Mwaka uliofuata dada akahamia Morogoro kikazi. Shule mpya ikaomba namba ya PREM, yaani namba ya utambulisho wa mwanafunzi, ili imhamishe mtoto kwenye mfumo wa NECTA, Baraza la Mitihani. Namba ilikuwepo, lakini mfumo unamtambua kama mwanafunzi wa ile shule ya sweta, na uhamisho unapaswa kuanzia huko. Wenye shule wawili wale walishagombana kwa mambo ya pesa. Dada alipopiga simu, mwalimu mkuu wa shule ya sweta akamjibu, "Mama, mtoto huyu mimi simfahamu." Ni kweli, alikuwa hamfahamu. Alikuwa naye kwenye orodha tu. Nusu ya muhula ikapita mtoto yuko nyumbani, dada akipanda na kushuka ngazi za halmashauri mbili.

Kwa hiyo kuuliza kama mtoto ana namba ya PREM hakutoshi. Uliza imeandikishwa chini ya shule ipi, uonyeshwe.

Huna haja ya kumwamini mwenye shule wala mimi. Nenda kwa afisa elimu wa halmashauri au ofisi ya wathibiti ubora wa shule ya wilaya, uwatajie jina la shule na kata. Pia fungua tovuti ya NECTA, tafuta matokeo ya shule hiyo. Wakijisifia ufaulu na jina halimo, waulize watoto walifanyia wapi. Na bango la "Namba moja kitaifa" mwaka jana lisikutoe macho: NECTA iliacha kutangaza shule bora tangu Januari 2023, sasa hiyo namba moja wameitoa wapi?

Bweni kwa wadogo: tangu Machi 2023 serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum. Ukiambiwa "sisi tunapokea wote", kiombe hicho kibali. Kwa wakubwa, ingia bwenini uangalie kama nondo za madirisha zinafunguka kwa ndani. Moto wa bweni kule Kyerwa, mkoani Kagera, Septemba 2020, uliua wanafunzi 10.

Vyoo vihesabu: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25.

Ada, usitegemee serikali ikupangie. Habari za ada elekezi zilipigiwa kelele hadi 2016 zikaishia hewani. Dai orodha ya michango yote kwa maandishi, lipa kwenye akaunti yenye jina la shule, na stakabadhi usitupe hata mtoto akihitimu. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi ya kutumia ada, kaa chonjo.

Mengine ni macho yako tu. Pita siku ambayo hukutoa taarifa, saa ya chakula. Angalia basi la shule linabeba wangapi, nani anawavusha barabara, maji ya kunywa yanatoka wapi, na mlinzi getini anamkabidhi mtoto kwa nani.