Kabla hujalipia simu Kariakoo

Mimi ni fundi simu, na kinachoniuma ni kuona mteja akilipia maneno ya kwenye boksi. Ukifika Mtaa wa Aggrey, usikimbilie "RAM GB 8" (RAM ni kumbukumbu ambayo simu hutumia kuendesha programu). Mwambie muuzaji aiwashe, ingia kwenye mipangilio, fungua "Kuhusu simu". Ukiona 4+4, RAM halisi ni GB 4 tu. Hizo nyingine zimeazimwa kwenye hifadhi ya ndani, ambayo kasi yake ni ndogo zaidi. Linganisha bei yake na simu za GB 4, siyo za GB 8. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao, na sikubaliani na hilo kabisa.

Kisha piga *#06#. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, ilingane na ya kwenye boksi. Itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Ukijibiwa aina tofauti na uliyoishika, irudishe.

Kwenye bei, usishindanishe Tecno, Infinix na itel ukidhani ni mahasimu: zote ni za kampuni moja, Transsion ya China. Ukitaka kushindanisha, taja pia Samsung au Xiaomi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, usiiache, na omba IMEI iandikwe humo.