App imekataliwa tena? Usibonyeze tuma kwanza

Ukituma app yako kwenye stoo ya app, kama ile ya Apple, na wakaguzi wao wakairudisha mara ya tatu, nakuomba, usikimbilie kuituma tena. Soma ule ujumbe pole pole utafute namba ya kifungu cha kanuni zao, maana kwa Apple kwa mfano 2.1 ni app haijakamilika ama wameshindwa kuingia, na hapo unaweza kukuta programu yenyewe haina shida.

Mimi app yangu ya boti za Amu na Mokowe, kule Lamu, ilikataliwa mara nne kwenye stoo moja, kumbe anayekagua yuko mbali huko, hana laini ya Kenya, ile namba ya SMS ya kuingilia haimfikii, na hata angeingia angeona ramani tupu kwa sababu boti zinatokea ukiwa karibu na jeti tu. Sasa namuwekea akaunti ya majaribio yenye namba isiyobadilika, na video ya sekunde 40 nikikata tiketi mwanzo mwisho. Hiyo video ndio dawa wallahi.

Kama watu wanafungua akaunti, weka na kitufe cha kuifuta humo humo, Apple wanalazimisha tangu Juni 30, 2022.

Wakaguzi wakikosea kweli, wajibu kwa adabu palepale kwenye ujumbe wao, taja skrini gani, ikishindikana kata rufaa.