Kuchagua kichwa cha skrubu kwa bawaba, vitasa na kazi za mbao

Kabla ya kununua skrubu, shika bawaba au kitasa utakachofunga na utazame matundu yake, kwa kuwa matundu hayo ndiyo yanayoamua umbo la kichwa.

Hatua ya kwanza: pitisha ncha ya kidole kwenye mdomo wa tundu. Ukikuta umechongwa kwa mteremko, chagua kichwa bapa, kile ambacho upande wake wa chini umechongoka, ili kizame na kulingana na bati. Kwenye bawaba za mlango jambo hili halina mjadala. Niliwahi kuitwa kwenye mlango uliokataa kufunga. Fremu ilikuwa imekwisha kurandwa mara mbili, kumbe vichwa vya mviringo vilikuwa vikigongana kila bawaba ilipojikunja.

Hatua ya pili: tundu likiwa halina mteremko, kama la vyuma vya kubebea rafu, tumia kichwa cha mviringo chenye chini tambarare, kinachokandamiza bati lote. Kichwa bapa hapo hushika ukingo tu. Nacho kikilazimishwa kwenye ubao mkavu ambao haukuchongwa mteremko, hufanya kazi ya kabari na kuupasua.

Hatua ya tatu: chagua umbo la tundu la kuingizia bisibisi juu ya kichwa cha skrubu. Mfereji mmoja unafaa vitasa vya shaba vinavyofungwa kwa mkono, lakini ukitumia mashine utateleza na kukwaruza bati. Kwa nyota, tazama kwa makini: yenye mistari midogo kati ya mikono yake minne ni PZ (Pozidriv), isiyo nayo ni PH (Phillips); namba inayofuata herufi ni saizi. Wengi huzichanganya, na bisibisi ya PH2 ndani ya kichwa cha PZ2 hucheza hadi kukila. Kwa skrubu ndefu kwenye mbao ngumu napendelea nyota ya pembe sita (Torx), saizi T20 au T25, ingawa bei yake ni kubwa zaidi, kwa sababu haitelezi kirahisi.

Hatua ya nne: toboa kwanza. Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mninga, biti ya milimita 3 inatosha. Skrubu ya shaba ni laini na hukatika shingo, kwa hiyo tangulia na ya chuma ya kipimo kilekile, ichomoe, kisha ingiza ya shaba iliyopakwa nta ya mshumaa. Kichwa kikishalingana na bati, ongeza robo ya mzunguko, kisha ondoa bisibisi.