Feni juu ya tangi la samaki

Miezi ya joto kali, hasa Januari hadi Machi kwa wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa, maji ya tangi la samaki yanaweza kuzidi nyuzi 30, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyopungukiwa na oksijeni. Feni ndogo ya mezani, ikielekezwa kwenye uso wa maji baada ya mfuniko kuondolewa na wavu kutandazwa ili samaki wasiruke nje, hupunguza nyuzi 2 au 3, kwa kuwa maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto. Penye unyevunyevu mwingi nafuu huwa ndogo. Maji yatapungua haraka. Hata tangi la samaki wa baharini liongezewe maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haigeuki mvuke, hubaki tangini.