Kumfundisha kusoma mtoto aliyeachwa nyuma: mwongozo kwa mwalimu wa kujitolea

Ninajitolea jioni mbili kwa wiki kuwafundisha kusoma wanafunzi wa darasa la tatu na la nne waliovuka darasa la pili bila kuimudu K ya kwanza katika zile KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu). Utaratibu ninaoueleza hapa umeegemea zaidi kwenye kupima, kwa sababu wengi wetu huanza kufundisha kabla hatujajua mtoto amekwama wapi.

Hatua ya 1: Ruhusa na mahali

Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kisha zungumza na mwalimu wa darasa na mzazi. Fundisha mahali panapoonekana na watu, kama barazani au chini ya mwembe wa shule, wala usijifungie chumbani na mtoto.

Hatua ya 2: Kupima

Mpime kila mtoto peke yake, wenzake wasisikie. Ngazi nne zinatosha, nazo ni zile zile za majaribio ya Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Afrika Mashariki, yanayolenga kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya na hadithi. Anza na aya. Akishindwa, shuka kwenye maneno, na akiweza, mpandishe kwenye hadithi.

Jihadhari na mtoto aliyekariri. Mvulana mmoja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu cha darasani kwa sauti ya kupendeza, hadi nilipoifunika picha kwa kiganja na kumwomba aanzie mstari wa chini. Alinyamaza kimya, maana alichokuwa nacho ni wimbo wa darasa zima. Tangu siku hiyo ninapima kwa sentensi nilizoziandika mwenyewe.

Katika daftari andika makosa yenyewe, si alama. Kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, mtoto anayemudu ba, be, bi, bo, bu huonekana ameiva, kumbe konsonanti zinapofuatana anapotea: ng'ombe anamsoma "ngombe", mwalimu anamsoma "malimu". Herufi m nayo huwatatiza, kwani katika "mtoto" inasimama peke yake kama silabi (m-to-to), ilhali katika "mbuzi" imeshikamana na b (mbu-zi).

Hatua ya 3: Sauti na silabi

Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake, kwa sababu sikio la mtoto halioni namna "em" na "a" zinavyozaa "ma". Mimi hubandika karatasi zenye silabi ndani ya vifuniko vya soda, naye huvipanga mezani kuunda maneno. Chagua sauti moja ngumu kwa siku na umtafutie maneno yake: ng'oa, ng'ara, ng'ambo, king'ora.

Hatua ya 4: Hadithi fupi

Soma wewe kwanza, kisha someni pamoja, halafu asome peke yake huku kidole kikipita chini ya maneno. Akikwama, nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano. Akiwa bado hajaweza, funika neno kwa kidole na ulifunue silabi baada ya silabi. Usimkatize kwa ajili ya lafudhi. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwao haitenganishi l na r anaweza kutamka "karamu" akiwa amesoma "kalamu" barabara. Mwambie akuonyeshe, na akiinua ile ya kuandikia, endeleeni.

Mwishoni muulize swali moja ambalo jibu lake limeandikwa na jingine la kufikiri.

Hatua ya 5: Kupima tena

Kila baada ya wiki nne mpime kwa sentensi mpya. Asipobadilika, na ukaona analeta kitabu karibu na macho au anakuomba urudie unachosema, mshauri mzazi ampeleke kituo cha afya. Akiweza kusoma hadithi na kuisimulia kwa maneno yake, mkabidhi mwalimu wa darasa nakala ya ukurasa wa daftari wenye silabi zinazomlemea bado, kisha nafasi yake mpe mwingine.